Cherehani Yangu na Nguo za Shemeji

Nimeacha kushona. Macho ndiyo yaliyoacha kwanza, nami nikayafuata. Tangu mwezi wa mfungo uliopita sindano naiona kama iko ndani ya ukungu, na fundi asiyeona sindano atamchoma mtu begani siku ya kumpimia kanzu. Ninyi vijana mnaoshona sasa katika baraza za Nkwenda mmeniomba niwaeleze jinsi kazi hii ilivyokuwa. Lakini nimewasikia, na najua swali mnalolirudia kila mnapokaa: mtu mwenye kazi yake mwenyewe aiwekeje mbele ya kodi? Afanye peke yake, ashirikiane na mwenziwe, au awe mtu wa tajiri? Wadachi wamekwenda zao na Waingereza wamekuja na taratibu zao, ila swali ni lile lile. Jibu la mkato sina. Nitawaeleza yaliyonipata.

Baba yangu alitoka Pangani na misafara ya pembe, akafika Karagwe, akaoa kwa Wanyambo, asirudi tena pwani. Nyumbani tulisema Kiswahili na baba na Kinyambo na mama. Mimi na dada yangu Mwajuma tulipogombana tulitumia lugha zote mbili, maana moja haikutosha.

Kazi nilifundishwa na Fundi Mbaraka, mtu wa Bagamoyo, mrefu, mwenye sauti ndogo. Yeye ndiye wa kwanza kuleta cherehani pande zetu. Ilikuja kichwani mwa mpagazi, imeviringishwa mablanketi, na mpagazi huyo alilalamika njia nzima kwamba amebebeshwa mtoto wa chuma asiyelia wala asiyekua. Siku yangu ya kwanza nilikwenda nimevaa safi, nikidhani nitapewa mkono wa cherehani niuzungushe watu wanione. Fundi akanitupia kanzu kuukuu.

"Fumua," akasema.

Nikafumua mpaka ikabaki vipande. Akaviangalia, akanipa sindano na uzi.

"Sasa irudishe ilivyokuwa."

"Kwa mkono, mwalimu? Na cherehani je?"

"Cherehani haiijui kanzu. Yenyewe inajua kwenda mbele tu. Ukishajua badani inaanzia wapi na kikwapa kinakaa wapi, ndipo utaigusa."

Badani ni ule mwili wa kanzu, mbele na nyuma. Kikwapa ni kile kipande kidogo cha kwapani ambacho mvaaji hakioni mpaka kikosekane, akainua mkono, kanzu ikalia. Nilishona vikwapa hadi nikaviona usingizini. Vijana wa siku hizi mnaviruka, halafu mnawaambia wateja wasiinue mikono.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Mkasi, pasi ya mkaa, kipande cha chaki, na hiyo cherehani. Mafuta yake yalikuwa ya kutoka Bukoba, na yakiisha tulitumia ya mbarika yaliyochujwa kwa kitambaa. Msitumie samli hata mkishauriwa na mkubwa gani. Inaganda asubuhi ya baridi, na mashine nzima inanuka kama jikoni. Sindano ikivunjika na hakuna nyingine, ni safari ya Bukoba kwa miguu, kwa hiyo tulizitunza sindano kuliko tulivyotunza viatu.

Wateja wetu wengi walikuwa Wanyambo waliozaliwa katika ngozi na mbugu, yale magome ya mti yaliyopigwapigwa hadi yakawa nguo. Mzee mmoja wa Songambele alikuja kushonewa kanzu yake ya kwanza akataka iwe pana kupita kiasi. Nilipomuuliza sababu akasema mwakani atakuwa amenenepa, maana mahari ya binti yake iko njiani. Nikamshonea kwa upana aliotaka. Mwaka uliofuata akaja amekonda vile vile, binti amekataa mume, na kanzu ile ile tukaipunguza. Kazi yetu ndiyo hiyo, kupokea matumaini ya watu na kuyaachia nafasi kidogo kwenye pindo.

Sasa nije kwenye kodi. Ilipoanza kwetu ilikuwa ya nyumba: kila nyumba, kodi yake. Watu wakahamia pamoja, mashangazi na wakwe chini ya paa moja, na mwaka ule ugomvi wa majikoni ulizidi. Baadaye ikaja ya biashara. Fundi Mbaraka alikuwa ameshajiandaa kurudi pwani kufia kwao, naye aliniuzia cherehani yake, niilipe kidogo kidogo kwa kazi. Kabla ya kuondoka alinikalisha akanieleza mambo ya kodi kwa utulivu ule ule aliotumia kunieleza vikwapa.

"Ukishona nguo anayokuja nayo mteja, kwa mikono yako, bila kuajiri mtu, wewe ni fundi tu. Utalipa ya nyumba yako, watakuacha. Siku utakapouza nguo, hata kipande, wewe ni mwenye duka, na duka lina kodi yake. Ukichukua mali ya tajiri wa Bukoba ukaiuza kwa niaba yake, kodi ni yake, lakini na duka ni lake, na siku akichoka nawe unatoka na mkasi wako."

"Na mtu akishirikiana na mwenziwe?"

Akafikiri kwanza. "Mtalipa mara moja badala ya mara mbili. Lakini mtakuwa mtu mmoja machoni mwa boma. Mtazame vizuri huyo mtu mmoja atakuwa nani."

Nilikaa miaka kadhaa nikiwa fundi tu, barazani kwa Nasoro. Huyu Nasoro ndiye aliyemwoa dada yangu Mwajuma. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo, kijana mchangamfu, mwepesi wa kucheka, anayeweza kumuuzia kaniki mtu aliyekuja kuuliza njia. Alikuwa akilipa kodi ya duka na kunung'unika. Mimi nilikuwa silipi, ila kila mteja aliyetaka kanzu ilibidi anunue nguo kwake kwanza kisha anipe mimi, na Nasoro ndiye aliyekuwa akipata faida iliyo nzuri. Akaja tajiri mmoja wa Bukoba akatutaka sote wawili tuwe mawakala wake: yeye alete nguo, alipe kodi, sisi tuchukue fungu letu. Tulilizungumza jambo lile siku nyingi.

"Kodi ikilipwa na mtu mwingine, sisi tutalala usingizi," nilisema.

"Tutalala kwenye kitanda chake," Nasoro akajibu. "Shemeji, nguo ninazo, cherehani unayo. Tuziweke pamoja. Duka moja, kodi moja, faida nusu kwa nusu, na hasara nusu kwa nusu. Kwa nini tumtajirishe mtu wa mbali?"

Mwajuma alikuwa akichambua mchele mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Na mkikosana?"

Tukacheka. Ndugu na shemeji, tukosane kwa nini?

Karani wa kodi alipopita mwaka ule tulimwambia sisi ni shirika. Alikuwa mtu wa Tanga, mstaarabu, anayevua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa mtu. Alituuliza kila jambo mara mbili, mwisho akasema, "Mjue kwamba kuanzia leo kodi ya duka hili iko yote juu ya kila mmoja wenu. Mmoja akikosekana, nitamdai aliyepo, na kitu chochote cha duka kinaweza kushikwa, kiwe kilikuja na nani." Tukasema tumekubali, tena kwa furaha, kama watu wanaosikia hotuba ya harusi.

Ile akiba tuliyoipigia hesabu haikudumu. Duka lenye nguo na fundi ndani yake lilionekana kubwa kuliko duka la nguo peke yake, na mara iliyofuata tukapandishwa daraja la kodi. Hili huwa watu hawalitazami wanapounganisha kazi. Wanahesabu kodi moja badala ya mbili, wasifikiri kwamba hiyo moja inaweza kunenepa. Hata hivyo tuliendelea vizuri. Mteja aliingia na ngozi ya ng'ombe au kahawa yake, akatoka na kanzu. Zilikuwa siku njema, sitazisema vibaya kwa sababu ya yaliyofuata.

Yaliyofuata ni haya. Nasoro alivuka mto Kagera kwenda upande wa Uganda kununua ngozi, akachukua karibu fedha zote za duka. Kabla ya kuondoka alimwonyesha Mwajuma majora ya bafta, ile nguo nyeupe laini, aliyokuwa amewawekea wakubwa wa kwa Omukama, mfalme wa Karagwe. Alimwambia mbele yangu, "Uza chochote, lakini hii usiiguse mpaka nirudi. Nimewapa watu neno langu."

Alipokuwa huko, vivuko vikafungwa kwa ajili ya malale. Askari waliwekwa pande zote mbili, hakuna kupita. Hatukupata habari zake. Wengine walisema ameugua, wengine kwamba ameoa. Mwajuma alisikiliza yote, akaendelea kutwanga.

Wakati wa kodi ukafika kabla yake. Karani alikuja asubuhi na askari wawili na wapagazi, akavua viatu, akakaa mkekani, akauliza. Nilimwonyesha kilichokuwapo, hakikukaribia. Nikamwomba angoje vivuko vifunguliwe.

"Fundi, mimi siwezi kungojea mto," akasema. Alisema kwa huruma, na ndiyo maana niliogopa. Akainuka akaweka mkono juu ya cherehani. "Nitashika hii. Mkileta kodi, mtaipata. Msipoileta mpaka nitakapopita tena, itauzwa."

"Bwana karani, hiyo ndiyo mikono yangu. Ukiichukua nitaipata kwa kitu gani hiyo kodi?"

"Nikichukua kitu usichokihitaji hutakuja kukikomboa."

Askari wakaanza kulegeza ubao wa cherehani. Nilisimama pale nikitazama vidole vyao, vidole vizito, na nilichofikiria ni kwamba wataipinda ile sindano, na ndiyo iliyobaki.

Mwajuma akatoka ndani. Mikononi alikuwa na jora la bafta, akaliweka mkekani mbele ya karani. Akarudi, akaleta jingine. Akaleta yote.

"Chukua hizi," akasema.

"Za nani, mama?"

"Za duka. Kodi ni ya nguo, haikuwa ya sindano. Huyu kabla hajaingia katika nguo alikuwa halipi."

"Mwajuma," nikamwambia kwa Kinyambo, "mumeo alikukataza."

"Nilikuwapo alipokataza," akanijibu kwa Kinyambo vile vile. "Sikusahau."

Karani akanigeukia. "Mshirika ni wewe, si yeye. Unakubali?"

Nilikubali. Ningekubali tena leo. Nguo inanunuliwa tena Bukoba. Cherehani ile ingeuzwa, sisi sote, na watoto wa nyumba mbili, tungekula kwa jirani. Majora yakabebwa, na mtungo wa watu wale ukashuka njia ya Kiruruma weupe vichwani kama mazishi. Mwajuma alikaa kizingitini akawatazama mpaka walipopotea. Kisha akaniambia, "Sasa shona. Usikae bure."

Nikashona. Mshono ukaenda kombo, nikafumua.

Vivuko vilipofunguliwa Nasoro alirudi, amekonda, ameugua kweli, na ngozi alizokuja nazo zilikuwa chache na zimeliwa na wadudu kwa kungoja. Tulimpokea kwa machozi. Mwajuma akampa maji ya kuoga na ndizi zilizopikwa kwa maharage kama alivyozipenda. Alipokwisha kula akaingia dukani, akasimama mbele ya rafu.

"Bafta iko wapi?"

"Imekwenda kwenye kodi," Mwajuma akasema. "Iliuzwa kabla hatujaweza kuikomboa."

Akazunguka taratibu, macho yakatua juu ya cherehani. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Shemeji, tulisema hasara ni nusu kwa nusu. Mbona imechagua upande?"

"Cherehani ingekwenda, watu wangekula nini wakikungoja?"

"Na mimi nimewapa wakubwa neno langu. Nitawaambia nini? Kwamba nilikwenda kutafuta mali ya duka, na duka likala ya kwangu?" Akamgeukia Mwajuma. "Siku ile ulikuwa mke wa mtu, au dada wa mtu?"

Mwajuma aliingia ndani, akafunga mkeka wake na vikapu vyake, akaja kwangu na watoto.

Nimefikiri sana juu ya maneno yale ya Nasoro. Alikuwa na haki. Tulipoweka vitu pamoja, bafta haikuwa yake tena wala cherehani haikuwa yangu. Vyote vilikuwa vya yule mtu mmoja aliyesemwa na Fundi Mbaraka. Na Mwajuma naye alikuwa na haki, maana kodi ile ilizaliwa na nguo. Haki mbili zilikuwa ndani ya chumba kimoja, na mlango ulikuwa mmoja.

Tuliendelea kufanya kazi bila kusemezana. Mimi na cherehani kona hii, yeye na vitambaa vyake kona ile. "Mwambie fundi apime mikono," alimwambia mteja. "Mwambie mwenye nguo akate iliyo ndefu zaidi," nami nilijibu. Yule mzee wa Songambele akavumilia mara mbili tatu, halafu akasimama katikati.

"Waitu, waungwana," akasema, "mimi nimekuja kununua kanzu. Ukalimani ni kazi ya boma, nao wanalipwa."

Tulitaka kucheka, kila mmoja akamngojea mwenziwe aanze.

Nasoro alikuja nyumbani kwangu alasiri ya siku ya Ijumaa, baada ya sala, na kahawa za kutafuna zimefungwa katika jani la mgomba kama ilivyo desturi ya hapa mtu anapokwenda ukweni. Alimwamkia mke wangu, akakaa, akazisukuma kahawa mbele yangu. Nikachukua, nikatafuna. Mwajuma alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Nimekuja kwa ajili ya mke wangu," Nasoro akasema. "Maneno niliyosema yalikuwa ya njaa na homa. Bafta imekwenda, basi."

"Hayakuwa ya homa," Mwajuma akasema. "Yalikuwa na maana, na mimi nitayajibu sasa. Siku ile sikuchagua kaka wala mume. Nilitazama kipi kikienda kinaweza kurudi. Lakini nikasema moyoni, mwakani itakuwa nini tena? Kila duka hili likitikisika mimi ndiye ninayepasuka katikati. Mimi nimeolewa na mtu, sikuolewa na duka."

"Unataka nini, dada?" nikamuuliza.

"Gawaneni kazi. Kila mmoja asimame kwa jina lake na kodi yake. Nitarudi leo hii."

"Tutalipa zaidi," Nasoro akasema.

"Lipeni."

Nasoro akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi. "Shemeji, huyu dada yako ana gharama."

"Ulimwoa mwenyewe," nikamwambia.

Ndipo tukacheka, na Mwajuma akainuka kufunga mkeka wake.

Tulipatana hivi: nusu ya ile bafta ilikuwa juu yangu, nami nikailipa kwa kumshonea Nasoro kanzu za kuuza bila ujira mpaka tuliporidhika sote wawili. Tukajenga ukuta wa fito na udongo katikati ya chumba, tukatoboa mlango wa pili upande wa barabara. Yeye akabaki na nguo. Mimi nilikuwa na cherehani, na kwa kuwa nilipenda kuuza kofia na vifungo, sikujificha nyuma ya jina la fundi tu. Nikasema na mimi ni duka, dogo. Kwa kodi tulizidisha, hilo msidanganywe na mtu. Kilichopungua ni mambo mengine, na hayo hakuna karani anayeyaandika.

Karani wa Tanga alipopita tena, udongo wa ukuta ulikuwa haujakauka vizuri. Alisimama nje akatazama mlango mmoja, akatazama wa pili.

"Nani amewashauri hivi?" akauliza. "Watu huvunja kuta ili wapunguze kodi. Ninyi mlikuwa mnalipa moja, sasa mnataka mbili. Mmegombana?"

"Hapana, bwana karani," Nasoro akasema. "Tumepatana."

Akaingia kwa Nasoro, akapitisha macho kwenye rafu. Akaja kwangu, akainama akaigusa cherehani kwa kidole kimoja, akaniangalia, akauondoa mkono. Kisha akachungulia nyuma, kule ambako ule ukuta wetu uliishia na uwanja ukabaki mmoja, na chungu kiko motoni.

"Na huku nako ni kwa nani?"

"Kwangu," Mwajuma akajibu, bila kuinuka kwenye kigoda chake. "Huku hakuuzwi kitu. Vua viatu, ukae ule."

Akavua, akakaa, na tukala wote katika sinia moja.